Si kila kuku anayekufa ana kideri

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama mkubwa, kijijini kandokando ya Ziwa Victoria. Asubuhi tulikuta tetea watatu wamekufa bandani, vichwa vimevimba, vilemba vimekuwa vya zambarau. "Kideri hicho, mwanangu," alisema, huku ananoa kisu awahi wale waliokuwa wanasinzia. Asipowahi, hasara yote ni yake. Namwelewa, ila nilimsihi aweke kisu chini, kwa sababu kideri na mafua ya ndege huwezi kuyatofautisha kwa macho. Kinachotofautisha ni maabara.

Watu wengi wanadhani mafua ya ndege ni habari ya Uchina. Januari 2017 ndege wa majini walikufa kwa wingi ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda, na vipimo vikaonyesha kirusi cha H5N8, aina mojawapo ya mafua ya ndege. Kikapatikana pia kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Waliokufa wengi walikuwa buabua, ndege wanaokuja kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ziwa ni hilihili tunalochotea maji.

Kirusi cha mafua kimebeba jeni zake katika vipande 8 vilivyoachana. Kinapojinakili ndani ya seli hakina kitu cha kusahihisha makosa, kwa hiyo nakala zinatoka na kasoro kila mara. Kasoro nyingi zinakiharibu chenyewe. Chache zinageuza sura ya H, protini iliyo juu ya kirusi inayokishikisha kwenye seli, na kinga ya mwili iliyokijua mwaka jana inakiona mgeni. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua upya cha kuweka kwenye chanjo ya mafua ya binadamu.

Hayo ni mabadiliko ya polepole. Mimi naogopa zaidi yale ya ghafla. Virusi viwili tofauti vikiingia seli moja, vipande vyao 8 kwa 8 vinachanganyika, na michanganyiko inayowezekana ni 256. Kirusi kilichozunguka dunia mwaka 1957 kilikuwa kile cha binadamu kilichochukua vipande 3 kutoka kwa ndege. Cha 1968 kilichukua 2. Cha 2009 kilitokea kwa nguruwe, na seli za nguruwe zina vishikizo, yaani mahali kirusi kinapojishikiza, vya kirusi cha ndege na cha mtu pia, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kukutana humo.

Kwa bahati, kirusi cha ndege hakimshiki mtu kirahisi, maana vishikizo kinavyovipenda kwetu viko zaidi chini kabisa mapafuni kuliko puani na kooni. Lakini kikifika huko kinaumiza vibaya. Hong Kong, mwaka 1997, H5N1 iliwapata watu 18 na 6 wakafa. Mji ule ukachinja kuku wake wote, zaidi ya milioni 1.

Sasa tazama banda la mama mkubwa. Kuku na bata wanakunywa beseni moja. Bata wanashinda ziwani na ndege wa porini, na bata anaweza kubeba kirusi asionyeshe dalili yoyote, akakitoa kwenye kinyesi chake mpaka majini. Kisha mama ananyonyoa kuku mgonjwa kwa mikono mitupu, mjukuu kamkalia pembeni.

Bwana mifugo alifika saa tisa, na pikipiki yake, mafuta tumemchangia sisi. Hilo linaniudhi: anahudumia vijiji vingi bila hata fedha ya mafuta, halafu tunashangaa wafugaji hawatoi taarifa. Na mfugaji anayejua kuku wake watateketezwa bila fidia atanyamaza, hata ungekuwa wewe. Serikali ilipe fidia, tena haraka.

Alivaa glavu na barakoa, akapitisha pamba kooni na kwenye tundu la haja la kila kuku, akafunga sampuli kwenye kibebeo cha barafu. Wale watatu tuliwafukia shimo refu, tukamwaga chokaa. Majibu bado hatujapata. Bata wamefungiwa upande wao, na beseni lao.