Wilson ni jina la mwanamke, na wengi wetu hatukuambiwa

Machi ni mwezi wa historia ya wanawake hapa Marekani, na majumba ya makumbusho ya ndege huchagua Jumamosi moja au mbili yakaita majirani: wazazi, watoto wa shule, wastaafu wa mashirika ya ndege. Watu hawaji kusikiliza hotuba. Wanakuja kushika vitu. Meza inayonifurahisha kuliko zote ni ile yenye spana moja ya kawaida, ya aina ambayo fundi yeyote wa gari anayo. Mtoto anapewa aishike, ausikie uzito wake, kisha anasimuliwa habari za Bessie Coleman.

Bessie alizaliwa Texas mwaka 1892. Alikuwa akitengeneza kucha za wateja kwenye kinyozi huko Chicago. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi, basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari na kupata leseni yake Ufaransa tarehe 15 Juni 1921. Tarehe 30 Aprili 1926, mjini Jacksonville, Florida, spana iliyosahauliwa ndani ya ndege ilikwama kwenye mitambo ya kuiongoza, na ndege ikapinduka hewani. Aliyekuwa akiirusha ni fundi wake. Bessie hakuwa amefunga mkanda, kwani alitaka kuchungulia chini atafute mahali pa kuruka na parachuti siku ya pili yake. Akaanguka, akafa.

Kando ya spana anasimama fundi wa ndege, mwanamke aliyevalia ovaroli yake ya kazini. Anafungua sanduku la vifaa. Ndani kuna sponji ya tabaka mbili, nyeusi juu na nyekundu chini, iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa, hivyo kifaa kikikosekana wekundu unaonekana hata kwa mbali. Kazi ikiisha vifaa vinahesabiwa, na kimoja kisipoonekana ndege hairuki mpaka kipatikane. Msichana wa miaka tisa anatoka pale akijua Bessie alikuwa nani, alikufaje, na kwa nini mafundi huhesabu spana. Yote hayo kwa dakika nane.

Sasa geukeni kwetu, Afrika Mashariki. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, mnaijua. Mahema, viti vya plastiki, sare za kitenge, spika zinazokoroma, mgeni wa heshima ambaye hajafika. Anapofika anasoma hotuba kuhusu mchango wa mwanamke katika jamii, na hakuna hata mwanamke mmoja anayetajwa kwa jina, kwa mwaka, kwa kazi aliyoifanya na kwa kilichomshinda. Mtoto aliyepelekwa pale na shule yake anarudi nyumbani na fulana. Hili ndilo linaloniudhi, wala sina jingine.

Linaniudhi kwa sababu vitu tunavyo. Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, mamilioni wameupita wakiwa kwenye matatu za Lang'ata. Wilson huyo ni nani? Uliza watu kumi, wengi watakwambia ni mkoloni fulani, mwanamume, labda mwanajeshi. Ni Florence Kerr Wilson, mjane aliyetoa pesa zake mwaka 1929 akaanzisha kampuni ya Wilson Airways, ikianza na ndege ndogo ya Gipsy Moth. Rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Na Beryl, tarehe 4 Septemba 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni karibu safari nzima. Baada ya saa zipatazo 21 injini ilikosa mafuta, inavyodhaniwa ni kwa sababu ya barafu kwenye kipumulio cha tangi, akatua kwa pua kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada, akatoka akiwa hai. Wilson Airways yenyewe ilikufa vita vilipoanza mwaka 1939. Jina likabaki ukutani bila mwenyewe.

Najua jibu linalokuja. "Hao walikuwa walowezi, kwa nini tuwasherehekee?" Ni swali halali na silikwepi. Lebo nzuri ya makumbusho husema yote mawili kwa maneno hamsini hivi: kwamba huyu mama alithubutu biashara ambayo wanaume wengi waliiogopa, na kwamba aliifanya katika koloni ambako mtoto wa Kiafrika hakuwa na mlango wa kuingilia urubani. Ukinyamaza kwa sababu ya la pili, umelificha hilo la pili pia. Kisha pembeni yake weka lebo ya Lotfia El Nadi wa Misri. Hakuwa na ada ya shule ya urubani, akaomba kazi ya ofisini katika shule hiyohiyo ili mshahara ulipe masomo, baba yake asijue. Leseni aliipata Septemba 1933, miaka mitatu kabla ya safari ile ya Beryl. Mwafrika huyo, tena mwanamke. Ni wangapi wetu tuliomsikia darasani?

Wengine watasema nimelewa majuu, kwamba kila nikiona jambo la Wazungu naliona bora. Hapana. Hawa ninaowasifu wamewazika wanawake wao mara nyingi tu. Mwaka 1943 na 1944 wanawake 1,074 walihitimu urubani wa kijeshi huko Texas katika WASP, kikosi cha marubani wanawake waliolitumikia jeshi la anga. Walihamisha ndege za kivita kutoka viwandani, wakavuta shabaha ambazo askari wanafunzi walizilenga kwa risasi za kweli. Walikufa 38. Kwa kuwa walihesabiwa raia, jeshi halikugharimia mazishi, na wenzao walichanga nauli ya kurudisha miili kwao. Michango ya msiba, ndugu zangu, katika jeshi tajiri namna ile. Kikosi kikavunjwa Desemba 1944, na hawakutambuliwa kuwa wanajeshi wastaafu hadi 1977. Medali ya dhahabu ya Bunge waliipata 2010, wengi wakiwa wameshafariki. Na Bessie nimekwisha kuwaambia alikataliwa wapi. Kwa hiyo sisemi kwamba hawa wana utu kuliko sisi. Nasema kuna watu walikaa chini wakafanya kazi: wakatafuta majina, wakaomba picha, wakaandika lebo, wakapanga meza. Hiyo ni kazi ya mikono, na mikono tunayo.

Halafu kuna wa "pesa ziko wapi". Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana wengi hudhani siku kama hii inataka ndege halisi ndani ya ukumbi na wafadhili watano. Meza sita zinatosha. Kila meza iwe na kitu kimoja cha kushika, mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo kila siku, na msaidizi mmoja wa kupanga foleni. Dakika nane kwa kila meza, kikundi kisichozidi watu kumi, na katika saa moja wamezunguka zote. Ukiwapa dakika ishirini, watoto wa nyuma huanza kusukumana na aliye mbele haachii kitu.

Meza ya kwanza ni ya karatasi za A4. Kunja ndege, kisha ukingo wa nyuma wa kila bawa uinue milimita tatu hivi. Ikizamisha pua, inua zaidi. Ikiinua pua, ikaishiwa mwendo na kuanguka, punguza mkunjo au tia kibanio cha karatasi puani. Mtoto akirekebisha mara mbili ameelewa kazi ya mkia wa ndege kuliko angesomewa ukurasa mzima. Zimeni feni, chorani mstari wa kurushia, wote warushe upande mmoja, la sivyo mtu atachomwa jicho. Na tafadhali msirudie ule uongo wa vitabuni, kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na ya chini kwa wakati mmoja. Haikutani nayo, hufika mapema. Bawa husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu.

Meza ya riveti, zile pini za kuunganisha bati, nayo si ghali. Vipande viwili vya bati la alumini, unene wa milimita moja, matundu yametobolewa mapema kwa keekee ya milimita 3.3 kwa riveti za milimita 3.2, na bunduki ya riveti ya mkono yenye mipini mirefu, kwa sababu ile fupi inawashinda watoto. Tundu likiwa pana, riveti inacheza. Bati zisipobanwa pamoja kwanza, linabaki pengo katikati, na hilo pengo ndilo fundi atakalomwonyesha mtoto na kumweleza kwa nini katika ndege ya kweli kazi hiyo ingerudiwa. Makali ya matundu yapigwe msasa siku moja kabla, na miwani ya kinga isikosekane.

Meza nyingine zitatokana na watu mlionao. Mwongoza ndege wa mnarani akija kuwafundisha watoto kusema na rubani kwa maneno machache, hiyo ni meza tayari. Ramani na rula ni meza.

Kosa kubwa ninaloliona hata huku ni kung'ang'ania "wa kwanza". Kila bango ni Amelia Earhart, na ni kweli alivuka Atlantiki peke yake 1932, lakini Jerrie Mock, mama wa watoto watatu kutoka Ohio, alizunguka dunia nzima peke yake mwaka 1964 kwa Cessna 180 akarudi salama, na ni wachache wanaomjua. Kwetu tukimtaja Irene Koki Mutungi, Mkenya na nahodha wa ndege kubwa ya Dreamliner, tunaishia kwenye "wa kwanza" na kupiga makofi. Najivunia sana jina lake. Ila mtoto hatafuti makofi, anataka kujua saa ngapi za kuruka zinahitajika, mtihani upi ni mgumu, ada inapatikanaje. Mwiteni rubani yeyote mwanamke, hata wa ndege ndogo za kwenda Mara, akae na mtoto mezani na daftari lake la kuandikia saa za kuruka.

Na mahali? Cleveland, Ohio, kuna jumba la makumbusho la wanawake wa anga ambalo tangu 1998 limekaa ndani ya jengo la abiria la uwanja mdogo wa ndege, Burke Lakefront. Kabati za vioo kandokando ya ukumbi, kiingilio bure. Anayesubiri ndege anasoma. Wilson ni uwanja mdogo pia, una kumbi, una watu wanaosubiri. Tena una haki kubwa kuliko Burke. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992, alibeba picha ya Bessie Coleman ndani ya chombo cha Endeavour. Huyohuyo Jemison, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alifanya kazi na Flying Doctors, huduma ya madaktari wanaofuata wagonjwa kwa ndege, Afrika Mashariki. Na Flying Doctors makao yao yako Wilson! Habari inaanzia Texas, inapitia Ufaransa na angani, na ina mguu mmoja kwetu, na sisi tunapita nje tukiuliza matatu imekwama wapi.

Mtu ataniambia, "Rudi basi uifanye wewe." Sawa, maneno hayo yamenifika. Lakini kuna kazi moja isiyongoja mimi wala serikali. East African Airways, shirika la ndege la Kenya, Uganda na Tanzania, ilianzishwa 1946 ikafa 1977. Binti aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1970, mhudumu wa ndege au karani wa tiketi, sasa ana miaka 80 hivi. Hao mama wako Kampala, Dar, Mombasa, na picha zao ziko chini ya vitanda.

Nendeni mkawarekodi. Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aangalie kinasa sauti, simu nzuri inatosha. Chumba chenye mapazia na mkeka, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Zimeni feni na friji, na simu nyingine zitoke chumbani kabisa, hata zikiwa kimya mtetemo wake unanaswa mezani. Msipite saa moja, mama anachoka. Mwanzoni kabisa ataje jina lake, mwaka na mahali, kwa sauti yake. Fomu ya ridhaa isainiwe na nakala moja abaki nayo. Picha zipigwe skani palepale kwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha) na arudishiwe siku hiyohiyo, kwa sababu familia nyingi ziliazima albamu kwa mtu wa gazeti na hazikuiona tena. Majina ya walio pichani yaandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili, na mkandamizo wake huacha alama usoni mwa mtu. Picha zilizogandia kwenye albamu za gundi msizibandue, skanini ukurasa mzima. Na muulizeni kwanza kazi, si maisha: mlango wa ndege ya Fokker ulifungwaje, chai ilichemshwa wapi, nani alihesabu abiria.