Jamani, Niliandika KARIBUNI

Kwa kuwa yule rafiki yangu mwenye mdomo usio na breki kashawatumia picha ya bango langu, acheni na mimi niseme yangu. Sikuandika KABURINI. Herufi ni zilezile nane, hesabuni wenyewe, lakini mimi niliandika KARIBUNI.

Mnajua siku hizi nimelewa herufi za majaribio. Nilianza na Theo van Doesburg, Mholanzi aliyechora alfabeti mwaka 1919 ndani ya mraba uliogawanywa vyumba vidogo 5 kwa 5, mambo ya pembe tupu, hata O ni sanduku. Nikahamia kwa Wim Crouwel, mbunifu mwingine wa Kiholanzi, na alfabeti yake ya 1967, aliyoibuni kwa ajili ya skrini za wakati ule zilizokuwa zinashindwa kuchora mkunjo vizuri. M yake ni N iliyopigwa mstari chini! Nikasema huyu ni ndugu yangu wa damu. (Crouwel mwenyewe alishasema hakukusudia itumike kwa kweli. Hilo nimelisoma jana. Baada ya tukio.)

Basi nikaombwa bango la hafla ya kumuaga mkuu wetu anayestaafu. Neno moja tu, la mlangoni. Nikajifungia na miraba yangu.

Sheria niliyojiwekea: kila herufi ijaze mraba wake. Sasa I ni kijiti, inajazaje mraba? Nikaipa vijiti viwili vyenye nyayo zinazotazamana. Ndiyo, mnayoiwaza ni U. Ila yangu ilikuwa na uwazi katikati ya nyayo! R nayo ilikuwa B iliyoachwa wazi chini. Mwanzoni uwazi ulikuwa chumba kizima, nikaona unaharibu uzuri, nikaupunguza, nikaupunguza tena, ukabaki ufa. Kwenye kompyuta, nikiwa nimekuza mara nne, ufa ulionekana kama barabara.

Halafu nikachagua herufi nyeupe juu ya nyeusi. Nyeupe kwenye nyeusi huonekana nene kuliko ilivyo, na kwa mbali nyufa zote zilizibika. Bango jeusi, mlangoni, kwa mzee anayestaafu. Msinicheke bado.

Mzee akafika. Tukasimama, shikamoo zikapigwa. Mimi niko pembeni nimeshika simu, narekodi, maana nilitaka sura yake akiiona kazi yangu. Akainua kichwa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, taratibu, jicho la kushoto, jicho la kulia. Akaivaa. Akasogea hatua moja. Midomo ikaanza kucheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ka..."

Nikatabasamu. Mjinga mimi, nikatabasamu.

"...bu..."

Mkono wenye simu ukaanza kutetemeka. Nikataka kupaza sauti, "Ri, mzee, ni ri!" Koo likakataa. Ukumbi mzima umemgeukia, hata feni nahisi ilinyamaza.

"...ri... ni."

Kimya. Akageuka, akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

"Kijana wangu," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "mimi nastaafu tu."

Rafiki yenu huyo ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wote. Mhasibu akakaa sakafuni. Nami nikasimama pale naeleza habari za Uholanzi na vyumba 5 kwa 5, kana kwamba kuna mtu aliyeniuliza.

Mengine ni mafupi. Mtu akachana karatasi kwenye daftari, akaandika KARIBUNI kwa kalamu ya wino, mwandiko umepinda, akaibandika chini ya bango langu. Picha zote rasmi zimepigwa mbele ya hiyo karatasi. Wawili wakaisifia, eti inasomeka.

Hafla ilipoisha nikawa nakunja bango langu kimyakimya, mzee akanishika bega.

"Usilitupe hilo," akasema. "Nipe nikaliweke nyumbani. Siku yake itafika."