Farao alitaka tumwone wapi?

Usiku wa tarehe 3 Aprili 2021, maiti 22 za kifalme za Misri ya kale, wafalme 18 na malkia 4, zilipitishwa katika barabara za Kairo kwa magari yaliyopambwa, kutoka jumba la makumbusho la Tahrir hadi jumba jipya la mtaa wa Fustat. Mizinga 21 ikapigwa. Heshima ile ilinigusa. Hata hivyo, siku chache baadaye maiti hizo zilirudishwa kwenye vioo, watu wazitazame kwa tiketi, na hapo ndipo ninapokwama.

Wanaotetea maonyesho haya wana hoja nzito. Mtazame Ramses wa Tatu. Mafunjo ya kale yalieleza njama ya kumuua iliyopangwa na mmoja wa wake zake, lakini hayakusema wazi kama ilifaulu. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya picha za skani: koo lilikatwa hadi mfupani, na ndani ya jeraha wahifadhi maiti walitia hirizi ya jicho la mungu Horus, apone huko aendako. Pia, kusema warudishwe makaburini si rahisi. Makaburi yaliporwa zamani, hata makuhani wenyewe wakawahamisha wafalme na kuwarundika wengi wao katika kaburi lililofichwa huko Deir el-Bahari, walikokaa hadi 1881. Maiti ya Ramses wa Pili ilishambuliwa na kuvu, ikabidi ipelekwe Paris mwaka 1976 kutibiwa. Bila wataalamu zingeoza.

Hayo yote nayakubali, ila yanahusu kuhifadhi na kuchunguza. Skani haihitaji foleni ya watalii.

Imani ya Wamisri wa kale ilikuwa bayana. Roho waliyoiita ba hutoka mchana na kurudi usiku kwenye mwili wake, kwa hiyo mwili ulazwe gizani, salama. Ndiyo maana wafalme wa Thebes, Luxor ya leo, walitenganisha kaburi na hekalu. Ineni, aliyesimamia uchimbaji wa kaburi la Thutmose wa Kwanza, alijisifu kwamba kazi ile hakuna aliyeiona wala kuisikia. Hekalu, kinyume chake, lilijengwa wazi kando ya mashamba, makuhani walete mikate na bia kila siku, na jina la mfalme litajwe lisipotee.

Kwa hiyo anayesema mafarao wenyewe walitaka kukumbukwa anasema kweli, lakini anachanganya milango, wa hekalu na wa kaburi. Rais Sadat wa Misri alikifunga chumba cha maiti hizi mwaka 1980. Kikafunguliwa tena miaka ya tisini. Naona kukifunga kulikuwa sahihi. Zitunzwe Fustat, kwenye hewa inayodhibitiwa, wataalamu waingie, na sura zifunikwe.

Anayemtaka Ramses wa Tatu aende Medinet Habu, kwenye hekalu lake, ng'ambo ya mto kutoka Luxor. Jina lake limechongwa ukutani kwa kina hata kiganja kinazama ndani.