Bamvua limepita, mashua imebaki

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, limepita. Jana saa kumi alasiri maji yalijaa mpaka kwenye ngazi za ukuta wa pwani, yakalowesha viatu vya waliokaa kupunga upepo, yakaondoka zake, na mashua yangu niliyotaka kuishua, yaani kuitia majini, iko pale pale juu ya gadi, nguzo zake za kuiegemeza. Leo asubuhi simu imelia nikiwa na mswaki mdomoni. Ni yule kijana ninayemlipa kuilinda.

"Asalaam aleikum, mwenye chombo. Mbuzi amezaa chini ya mashua yako. Nitumie ya chai."

Chai na mbuzi vinahusiana nini? Mvua ikinyesha, maji yameingia mashuani, nitumie ya chai. Jua likiwaka, mbao zinaachana, nitumie ya chai. Siku ambayo hakuna lolote ananipigia vile vile: "Mwenye chombo, leo kumetulia kabisa," na huko kutulia nako kuna chai yake.

Lakini mimi ni mtu na mashua yake, na hapa Lamu jambo hilo lina heshima yake. Nikipita mtaa wa Langoni wazee wananiita nahodha, hata kama nitokako ni dukani kuuza betri na misumari, na niendako ni nyumbani kula. Mashua nimeirithi kwa khalu yangu, ndugu wa mama, Mungu amrehemu, mtu aliyeijua bahari kuanzia Kiunga mpaka Kipini. Wenzangu walirithi minazi. Mnazi hata usipouangalia unakuangushia nazi.

Nina binamu yuko Dubai. Kila nikimlalamikia ananitumia picha za mahali wanapoweka boti kule: gati la mbao, mfereji wa maji, umeme, mlinzi aliyevaa soksi. "Si uiweke marina?" Marina ipi, ndugu yangu? Hapa una mambo mawili. Utie nanga mkondoni, boti za kasi zikupitie na mawimbi yao kutwa kucha, kamba ikatike au ikatwe (hayo ni mambo mawili mbalimbali), chaza wajenge mtaa mzima tumboni mwa chombo, na yule mdudu wa baharini aingie ndani ya mbao atafune kimya kimya mpaka siku unaweka mguu na mguu unaendelea. Au ukweze pwani, utie gadi, jua liianike mashua mpaka mbao zikauke ziachane, na siku ya kuishua iingize maji kila mshono. Chagua.

Na gadi nazo. Gadi ni boriti za mikoko, na boriti za mikoko hapa kwetu ndizo dari, ndizo uzio, ndizo kila kitu. Asubuhi moja nilikuta mashua imelala ubavu, gadi moja haipo. Nikaja kuiona imesimamisha kibanda cha mtu wa mishikaki. Nikamwambia, boriti ile yangu. Akasema, "Ami, nikiitoa kibanda kitaanguka." Na mashua yangu je? "Mashua si imeshaanguka tayari." Nikala mishikaki miwili, nikalipa, nikaondoka.

Punda wanajikunia mgongo kwenye usukani. Watoto wamefanya foromali, boriti ya tanga, pembea. Afisa mmoja alikuja kukagua jaketi za kuokolea ndani ya chombo kilichokaa mchangani, akaandika kwamba zimepungua. Na watalii ndio hao, wanajipiga picha wakiiegemea. Tangu UNESCO iuweke mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kitu chochote kikiharibika mbele ya macho ya watu kinahesabiwa ni maonyesho.

Hayo yote si kitu. Sikilizeni ya jana.

Fundi wangu anatoka Matondoni, na mtu wa Matondoni humfundishi kuunda chombo, kule mtoto anashika tezo ya kuchongea mbao kabla ya kijiko. Kalafati, kule kuziba mishono kwa pamba, aliahidi ingekwisha bamvua lililopita. Ikawa hili. Jana alikuwa aje saa mbili, akaja saa nne, akakaa kwenye kivuli cha mashua akaitazama. Nikamletea kahawa. Akainywa akiitazama. Nikamletea mahamri. Akayala akiitazama. Halafu akanyoosha mkono, akagonga ubao mmoja karibu na mkuku, uti wa mgongo wa chombo.

"Mm."

"Mm nini, Fundi?"

"Ubao huu umechoka."

"Wiki iliyopita ulikuwa mzima."

"Wiki iliyopita sikuugonga."

"Basi usiugonge tena," nikamwambia, maana mbao ya mbambakofi siku hizi bei yake wanakutajia ukiwa umeshakalishwa kitini. Akanitazama kwa huruma. Akaugonga tena.

Tukakubaliana ubao ungoje, azibe mshono tu. Pamba iko wapi? Imekwisha. Imekwisha lini? Juzi. Mbona hukupiga simu? Simu haikuwa na kredo. Nikampa msaidizi wake pesa akimbie dukani. Karibu na adhuhuri akarudi na pamba nyeupe, laini, imefungwa kwa karatasi ya buluu, ile ya duka la dawa. Fundi akaishika kwa ncha za vidole viwili.

"Hii tunakalafati chombo au tunakosha maiti?"

Baraza zima likacheka, mzee mmoja akapaliwa na tambuu. Nikacheka na mimi kidogo, kwa sababu ya watu. Pesa ilikuwa yangu.

Pamba yenyewe ikapatikana saa nane. Hapo tena sina la kusema. Mtu yule akishika nyundo na patasi butu, hata nzi hatui karibu. Anasokotea pamba pajani, imelowa mafuta mpaka inang'aa, anailaza kwenye mshono, anaipigilia, ko, ko, ko, anapitisha kidole gumba kisicho na kucha, anatega sikio. Mlio ukibadilika ukawa mkavu, mshono umeshiba, anasogea mbele. Hapimi kitu, haandiki kitu. Laiti angekuwa hivyo tangu saa mbili.

Maana maji hayana fundi. Bamvua kwetu hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, bahari ikapanda mita tatu nzima, na likikupita unakaa kungoja wiki mbili mwezi ugeuke. Alfajiri niliwaomba watu, wote wakaniambia inshallah. Inshallah ya saa kumi alfajiri mnaijua.

Ikabaki alasiri. Nikakusanya wachukuzi wa gatini, mabaharia wawili wasio na safari, na vijana waliokuwa wakienda kuogelea. Sinia la sambusa likapita, likarudi tupu, na mashua bado haijaguswa na mkono wa mtu. Barazani kila mzee ana rai yake. Ianzeni tezi, nyuma! Tezi gani, mnataka kuvunja usukani, ianzeni omo, mbele! Pakeni shahamu magogo! Shahamu hiyo iko wapi siku hizi? Anayepiga kelele kuwashinda wote ni ami mmoja ambaye tangu azaliwe hajapata kumiliki hata ngarawa, na bahari yake yeye ni kuvuka mpaka Mokowe, upande wa bara, akienda kliniki, tena huvuka amefumba macho.

Maji yakaja. Yakafika kwenye mkuku. Yakafika kwenye ubao uliochoka. Mashua ikaanza kutikisika chini ya kiganja changu, kidogo tu, ile unayoisikia mkononi kabla ya kuiona. Nimevua shati. Nimebana pumzi. Fundi ameinua mkono aseme harambee, na kule mnarani kipaza sauti kikakohoa.

Allahu akbar, Allahu akbar.

Mikono yote ikashuka.

"Tuswali kwanza," akasema Fundi.

Niseme nini? Niwaambie sala iingojee mashua? Nikavaa shati, nikaenda nao, nikapata nafasi safu ya pili kando ya dirisha, na dirisha lile ndilo linaloelekea pwani. Mungu anisamehe, rakaa ya tatu nilikuwa nasikia maji yakipiga ubavu wa mashua yangu, pwa, pwa. Tukatoa salamu, nikanyanyuka nusu. Imamu akashika kipaza sauti: kuna matangazo machache.

Likatoka la mchango wa paa la madrasa. Likatoka la nikahi. Likatoka la wale wanaochukua viatu vya wenzao kwa kusahau, na akalirudia hilo neno kusahau. Mwisho ikaja miwani. Imeokotwa miwani kwenye birika la kutawadhia, mwenyewe hajulikani. Ikainuliwa juu tuione sote.

Ilikuwa ya Fundi.

Kumbe mtu amenikalafatia mashua mchana kutwa bila miwani! Akainuka polepole, akapita safu kwa safu, kila mzee wa safu ya mbele akampa mkono wake na kumuuliza hali ya watoto, akaulizwa miwani yake ilikuwa na alama gani, akasema mguu mmoja umefungwa waya, ukatazamwa waya, akapewa. Akaivaa pale pale. Akamtazama imamu vizuri. Akamwambia umekonda.

Tulipofika pwani, kwa mtu asiye na mashua maji yalikuwa yamejaa tele. Mimi niliangalia gadi. Juu ya maji palikuwa na ukanda wa unyevu, vidole vinne. Yameanza kupwa.

"Harambee!" Mashua ikaenda shubiri. "Harambee!" Ikaenda shubiri ya pili, na ami wa barazani akawatangazia watu kwamba ndivyo alivyosema. "Harambee!" Mkuku ukadidimia mchangani, ukakaa. Tukasukuma mpaka macho yakatutoka, na bahari ikajiondokea chini ya miguu yetu pole pole, ikatuachia kaa wawili na mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017 ambayo bahari bado ina akiba yake.

Kisha watu wangu wakajipanga mstari.

Nikawauliza, mmepanga mstari wa nini? Malipo. Malipo ya nini, na mashua haikushuka? Mkubwa wa wachukuzi akajifuta uso kwa fulana, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwenye chombo, sisi tumesukuma. Ambayo hayakusukuma ni maji. Kayadai kule."

Nikalipa. Mlitaka nifanye nini? Hao hao ndio nitakaowahitaji bamvua lijalo.

Ila nimechoka, jamani, na hapa sifanyi mzaha. Mlinzi anakula kwenye mashua hii. Fundi anakula, na msaidizi wake, na muuza pamba wa kweli na wa uongo. Wachukuzi wanakula. Mwenye mishikaki ana nguzo. Hata mbuzi sasa ana mahali pa kuzalia. Mimi mwenyewe nikitaka kwenda Shela napanda boti ya abiria, nalipa nauli kama watu, nakalishwa pembeni panaporuka maji, na tukipita mbele ya mashua yangu kuna mjinga hakosi kuuliza ile ya nani, mbona haishuki. Nilipotaka kuiuza alikuja mnunuzi mmoja tu. Akaizunguka, akainama, akagonga ubao. "Mm." Nikamwambia nenda, kaka, nenda zako.

Mke wangu jana hakuniuliza kama imeshuka. Aliniuliza sinia lake liko wapi. Sijui liko wapi.

Na Maulidi hayo yanakaribia. Shemeji yangu wa Mombasa amepiga simu, wanakuja wote, na angependa niwapeleke kisiwani Manda Toto watoto wakaone samaki, "maana wewe una chombo chako." Shemeji huyu namheshimu, ni kaka wa mke wangu, sitamsema. Lakini mwaka jana alikuja na kabila zima, wakalala mpaka darini, na zawadi aliyoleta ilikuwa tikiti maji. Moja. Tena hakulitoa Mombasa, alilinunua hapo Mokowe, mwanawe mdogo ndiye aliyemfichua. Na hakulibeba. Alimpa mchukuzi, mchukuzi alipouliza analipwa na nani akamwonyesha mimi kwa kidevu, yeye akatangulia mbele anaamkia watu. Tukalikata baada ya chakula, ndani jeupe pee. Akasema hilo jeupe ndilo zuri kwa figo, akaomba chumvi.