Bata mzinga aliyeitikia misa

Kama hujawahi kuwa kandideti wa S.6, yaani mtahiniwa wa kidato cha sita, kwenye shule ndogo ya Kikatoliki huku Uganda, wewe kuombewa bado hujaombewa. Muhula wa tatu ukifika tu, hata wale jamaa ambao tangu S.1 wanajificha chooni wakati wa rozari utawakuta kanisani alfajiri, wamepiga magoti benchi ya mbele kabisa, macho yamefungwa, sura za malaika watupu. Na siwalaumu, manake UNEB, baraza la mitihani la Uganda, haina undugu. Pointi za juu kabisa za A-level ni 20, sita sita kwa masomo yako matatu, alafu moja ya General Paper na moja ya sub-math ama kompyuta, basi, na nafasi za kusomeshwa na serikali ni kama 4,000 hivi nchi nzima, sasa we mtoto wa shule ambayo darubini ni moja na hiyo moja inakaa ofisini kwa hedimasta isije ikaibiwa, utaacha kumuita Bikira Maria?

Shule yetu ilikuwa upande wa Tororo, ukitoka darasani unaliangalia lile jiwe kubwa la Tororo uso kwa uso. Ilikuwa ndogo mpaka S.5 na S.6 tulitenganishwa na plaiwudi tu, mwalimu wa historia akipiga chafya huku, wa ng'ambo wanasema pole. Wenye shule ni masista, mambo ya roho ni ya Fada, na siri hakuna.

Wakati huo wa ukandideti watu wanageuka kabisa. Kuna waliokuwa wanasoma usiku miguu iko ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue, asubuhi unakuta mtu amelala fofofo kwenye kiti na miguu bado iko majini. Kuna mmoja tulikuwa tunamwita Pointi Ishirini, kwa sababu aliandika 20 kila mahali, kwenye jerikeni, kwenye kikombe, kwenye mbao ya kitanda, mpaka kwenye kandambili, mguu mmoja 2 mwingine 0, na akikurupuka usiku akazivaa vibaya basi anatembea na 02. Huyo mumkumbuke, anarudi.

Sasa desturi ya shule ilikuwa hivi: kabla ya mitihani kuanza kunafanyika misa kubwa ya kuwaombea makandideti wa S.4 na S.6, wazazi wanaitwa, mgeni anatoka jimboni, na vifaa vyote vya mtihani vinabarikiwa. Kalamu, rula, kikokotoo, yote yanawekwa kwenye beseni moja kubwa jekundu mbele ya altare. Na kwenye matoleo kila darasa linaleta kitu. Mwaka ule S.4 wakawahi kutangaza kwamba wao wanaleta mbuzi. Watoto wa S.4! Mbuzi! Tukakaa kikao cha dharura nyuma ya jiko, mwingine akasema tulete miwa na mananasi akazomewa, mwingine akasema ng'ombe, huyo hata hatukumjibu, mwisho tukakubaliana bata mzinga, manake bata mzinga ana heshima yake, ukimleta kanisani hakuna mtu anauliza bei gani, wanajua.

Hela ikachangwa kwa mbinde, bata akanunuliwa. Sista akauliza nani anajua kumshika. Darasa zima likageuka likaniangalia mimi.

"Si wewe ni Mteso? Kwenu si ndiko wanakotoka?"

Jamani. Mimi ni Mteso, ni kweli, na Teso bata mzinga wako wengi, hilo nalo ni kweli, lakini mimi nimezaliwa Malaba, nimekulia nyuma ya hoteli ya mama, pale malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Mfugo pekee niliokuwa naujua ni Scania. Nikajaribu kujieleza, Sista akasema damu haipotei, mambo yakaishia hapo.

Usiku tukamfungia bata kwenye bafu la wavulana kwa sababu ndilo lenye komeo. Saa kumi na moja alfajiri kengele ikapigwa, na kengele yetu ilikuwa ringi ya tairi la lori inayopigwa na chuma, ngaa ngaa ngaa, alafu kutoka bafuni tukasikia: golo golo golo golo! Ikapigwa tena, akajibu tena. Tukacheka tukarudia wenyewe, mtu anapiga ndoo, bata anajibu, mtu anafunga mlango kwa nguvu, bata anajibu. Kumbe ndivyo walivyo hao madume, sauti kubwa yoyote lazima ajibu, hana uwezo wa kunyamaza. Tuliona ni burudani. Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba anatoka bafuni anaenda misa. Na kuoga hakuna aliyeoga, kila aliyesukuma mlango alimkuta amefungua mkia wote, mbawa zinaburuza sakafuni, kichwa kimebadilika rangi kutoka nyekundu hadi buluu, na kile kinyama kinachoning'inia juu ya mdomo kimerefuka kama sijui nini. S.6 nzima ya wavulana tuliingia kwenye misa yetu ya kubarikiwa tumejipulizia pafyumu tu.

Kanisa limejaa. Wazazi, magomesi, yale magauni ya kina mama wa Uganda, ya rangi zote, mama yangu naye amefika na gomesi yake ya njano ametoka Malaba na boda. Ukutani kuna picha kubwa ya Mashahidi 22 wa Uganda. Mgeni ni Monsinyori mmoja mzee mnene mwenye sauti, yaani ile sauti ya mtu aliyehubiri miaka na miaka kabla ya umeme kufika. Mimi niko benchi ya pembeni, bata nimemtia kwenye gunia kichwa kiko nje, nimembana katikati ya magoti, nasikia moyo wake unavyodunda kwenye paja langu.

Monsinyori akasimama, akafungua mikono. "TUMSIFU YESU KRISTO!"

"Milele na milele, amina!"

"Golo golo golo golo!"

Vichwa vikageuka. Sista akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka natoa mikono mfukoni. Nikamfunika bata kichwa na sweta, akanyamaza, somo la kwanza likapita, zaburi ikapita, nikaanza kumshukuru Mungu. Alafu mahubiri. Monsinyori alianza polepole, bidii, nidhamu, msiibe mtihani, nzuri sana, sauti inapanda kidogo kidogo, mimi jasho linapanda nalo, mpaka akafika pale anapopataka:

"Nani kati yenu anataka kwenda MAKERERE?"

Makandideti wote kimya, unajua tena aibu mbele ya wazazi. Kutoka ndani ya sweta: "Golo golo golo!"

Monsinyori akatulia. Akavua miwani, akafuta, akavaa. "Nashukuru," akasema, "angalau mmoja ana malengo."

Kanisa likapasuka. Wazazi wanacheka, Fada amejificha nyuma ya kitabu, mabega yanatikisika. Na vile bata anajibu kelele, kicheko nacho akakijibu, watu wakacheka zaidi, akajibu zaidi, ikawa haina mwisho, mpaka kwaya ikaokoa jahazi kwa kuimba.

Ikafika matoleo. Ngoma zinapigwa, mabinti wa S.2 wanacheza mbele, nyuma yao miwa, mananasi, mafuta ya kupikia, mbuzi wa S.4 ambaye kwa kweli alikuwa na adabu kuliko wanafunzi wengi, na mwisho kabisa mimi. Bata nimemtoa kwenye gunia, miguu nimefunga kwa kamba ya katani, nimefunga vizuri, tena nataka hili lieleweke, nilifunga kama mzigo wa lori unaokwenda Juba. Tukiwa pale mlangoni tunasubiri zamu, Sista akaona kamba.

"Mbona umemkaza hivyo? Ni kiumbe cha Mungu huyo. Legeza."

"Sista, huyu..."

"Legeza."

Nikalegeza.

Tukatembea vizuri tu mpaka mbele. Nikapiga goti, Monsinyori akanyoosha mikono kupokea, na hapo hapo kina mama wa benchi za nyuma, Mungu awasamehe, wakapiga vigelegele. Bata alijibu kwa mwili mzima. Ubawa mmoja ulinipiga shavuni, wa pili ukaangusha kofia ya Monsinyori, kamba ikabaki mkononi mwangu peke yake, na bata akaruka, si mbali, akatua sawasawa ndani ya beseni jekundu. Juu ya kalamu zetu zote. Akasimama pale, akafungua mkia, akaangalia wazazi kulia, akaangalia wazazi kushoto, ungedhani yeye ndiye mgeni rasmi.

Ngoma zikanyamaza. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema "banange", yaani jamani, polepole sana. Alafu bata akainua mkia kidogo, akarudi nyuma hatua moja, na akafanya kile ambacho alikuwa hajakifanya usiku mzima kule bafuni.

Kikokotoo kilichokuwa juu kabisa kilikuwa na stika kubwa ya 20. Ilipigwa kwenye sifuri, katikati.

Monsinyori akaokota kofia, akachungulia beseni, akatuangalia. "Yule wa Makerere," akasema, "amekusanya karatasi kabla ya wakati."

Sikumbuki vizuri nilivyomkamata, nakumbuka tu katekista ananisaidia na mbuzi wa S.4 anatuangalia. Baada ya komunyo Monsinyori akabariki vifaa vilevile vilivyo, na hakuwa mtu wa kunyunyiza tone tone, alichovya tawi la majani kwenye ndoo akatandika beseni kama anazima moto. Vikokotoo viwili havikuwaka tena. Cha Pointi Ishirini kiliwaka, tatizo likawa jingine. Alikishika kwa vidole viwili akamfuata Sista akiwa karibu kulia, kimechafuka lakini kimeshabarikiwa, sasa akipangusa si atakuwa anapangusa baraka? Sista akafikiria kidogo, nakwambia alifikiria kweli kweli, akamjibu, "Baraka inabaki. Hicho kingine futa."

Nje ya kanisa ndio mnada wa matoleo. Kwetu vitu vinauzwa palepale hela inaingia kanisani, na katekista wetu kwenye mnada alikuwa hatari, hakupi nafasi ya kupumua. Mbuzi akaenda. Miwa ikaenda. Bata akaanzia elfu sitini, baba mmoja wa kofia ya kauboi akasema sabini. Mimi nimesimama karibu na katekista nimemkumbatia bata, na kule nyuma namwona mama ananipungia mkono.

"Mama wa gomesi ya njano, themanini!"

Kofia akasema tisini. Mama akapunga tena, sasa kwa nguvu, anagusa bega lake, ananionyesha kidole.

"Mama wa njano, laki! Mama hataki mchezo!"

Watu wakapiga makofi. Mama naye akadhani wanashangilia mambo yao, akapunga kwa mikono miwili. Laki na ishirini. Kofia akainua mikono, akasema huyo mama mwacheni. Katekista akapiga kelele kwamba imekwenda, bata akajibu, na Monsinyori mwenyewe akashuka ngazi kuja kumpa mama mkono, sasa hapo utasema nini? Alihesabu hela ya kununulia mchele wa hoteli noti kwa noti, anatabasamu kwa meno tu.

Akanifuata pembeni. "Mwanangu," akasema taratibu, "mimi nilikuwa nakuonyesha una mavi begani."

Jioni akaondoka na bata kwenye boda, kichwa kinatokeza kwenye gunia kati yake na dereva. Mpango ulikuwa afugwe mpaka Krismasi. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba hoteli ya mama iko Malaba, kwenye foleni ya malori, na kwamba usiku Malaba hakuna kulala, ni honi mpaka asubuhi.

Jumapili iliyofuata nikaomba simu ya matroni kumpigia. Mama hata salamu hakuitika. Siku ya kwanza, akasema, lori likipiga honi, bata anajibu, madereva wakacheka, wakawa wanampigia honi makusudi. Siku ya pili walicheka wachache. Usiku wa tatu saa tisa mlango ukagongwa, ni dereva mmoja wa Mombasa aliyekuwa amesubiri kuvuka tangu juzi, macho mekundu, shuka begani, akauliza huyo ndege anauzwa bei gani. Mama akamwambia laki na nusu. Akatoa bila kupatana.

"Kwa hiyo amekwenda naye Mombasa?" nikauliza.

"Mombasa wapi! Alisimama hapo hapo mpaka tukamchinja. Nikamuuliza tumpikie wali ama ugali, akasema nyama kuleni nyinyi, mimi nimelipia usingizi."