Iringa au Tanga: joto lisiamue peke yake

Mtu akichoshwa na foleni za Dar es Salaam na kuanza kutafuta kazi mikoani, Iringa huwa miongoni mwa majina ya kwanza kumtoka. Tanga hutajwa kwa kusitasita, kisha mtu husema "lakini joto lake" na mazungumzo huishia hapo. Nimeyasikia mabishano haya kazini mara nyingi. Safari hii yanamhusu mhasibu kijana, mwenye mke anayeshona na watoto wawili, aliyepata nafasi katika miji yote miwili kwa mishahara inayokaribiana. Karibu kila aliyemuuliza alimwambia aende Iringa. Naona walimjibu haraka mno.

Haki ya Iringa ipo na tuitoe. Mji umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mto Ruaha Mdogo unapita chini yake. Aliyezoea usiku wa Mbagala atalala usingizi alioanza kuusahau. Malaria ni kidogo: tafiti za kitaifa huuweka mkoa huo kati ya ile yenye maambukizi ya chini kabisa nchini, na kwa mzazi wa mtoto mchanga hoja hiyo peke yake inatosha kufunga mizigo. Nyanya zinatoka Ilula, viazi na maharage havitoki mbali. Vyuo vikuu vya Iringa, Mkwawa na RUCU (kile cha Kikatoliki cha Ruaha) vinaupa mji vijana, vitabu na wapangaji. Mwenye akiba kidogo hununua shamba la miti Kilolo au Mufindi na kungoja. Mhadhiri, au mtu ambaye moyo wake uko shambani, sina la kumzuia nalo.

Sasa hilo joto. Lipo, na hakuna sababu ya kulipunguza kwa maneno. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, mchana wa Tanga hufika nyuzi 32 au 33, usiku haushuki sana, na fukuto la bahari hulowesha shati kabla hujafika kituoni. Lakini Tanga ina kusi pia. Tangu masika hadi Septemba upepo hugeuka, na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Pita Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, baada ya isha mwezi huo: watu wako barazani, wazee wamejitupia shuka mabegani, mlango wa mbele na wa uani imeachwa wazi ili upepo upenye nyumba nzima. Waliojenga zile nyumba za zamani walijua upepo unatokea wapi. Anayeumia ni anayepanga nyumba mpya yenye dari la chini, madirisha ya alumini yanayofunguka nusu, na ukuta wa jirani mita moja mbele yake. Huyo angelalamika hata Morogoro.

Kuna hesabu ambayo sioni watu wakiifanya, nayo ni ya luku. Feni ya kawaida hutumia wati 70 hivi. Ikizunguka kwa muda wa saa kumi kila usiku, imekula uniti 0.7 kwa usiku mmoja. Feni mbili, mwezi mzima, ni uniti 42. Tuhamie Iringa mwezi wa Julai, ambapo usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Maji ya bombani tuseme yana nyuzi 15, na hakuna atakayemwogesha mtoto kwa maji hayo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunahitaji karibu uniti 0.58. Watu wanne, ndoo moja kila mmoja kwa siku, ni uniti 2.3, na kwa mwezi zinakaribia 70. Maji ya kuoga tu yameshapita feni mbili za Tanga. Tena wateja wadogo wa TANESCO hupata bei nafuu iwapo wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Familia hii imebakiwa na uniti tano za kugawana kati ya friji, taa, pasi na televisheni.

Najua majibu yake. Watoto hawamalizi ndoo. Wengi Iringa huchemsha kwa gesi au mkaa, na mwenye uwezo huweka mtambo wa jua juu ya paa, maana jua la kule ni zuri hata baridi ikiwa kali. Kweli, ila gesi na mkaa navyo hununuliwa, na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, milango ikiwa imefungwa, linaua watu. Jibu zito zaidi ni kwamba feni za Tanga huzunguka miezi mingi kuliko baridi kali ya Iringa inavyodumu, kwa hiyo ukijumlisha mwaka mzima tofauti hupungua, pengine inafutika. Hilo nalikubali. Hata ikifutika, joto la Tanga linabaki kuwa kubwa zaidi kwenye maneno ya watu kuliko kwenye luku zao. Kinachovuruga hesabu ni kiyoyozi: cha wati 1,000, kwa saa nane, kinaweza kula uniti nne hadi nane kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mhasibu wetu aulizwe kama familia yake hulala kwa feni au kwa kiyoyozi. Kama ni feni, joto limepoteza nusu ya uzito wake katika uamuzi huu.

Nusu nyingine inaliwa na baiskeli, kwa nauli inayookoa. Tanga ni tambarare, na watu wake wameitumia tambarare hiyo kwa vizazi: wanafunzi, mafundi, akina mama wanaotoka sokoni, wote juu ya baiskeli. Iringa ukishuka kwenye basi Ipogolo, mji uko juu yako, na kupanda ni nauli.

Hoja ya pili dhidi ya Tanga ni kwamba mji ulikufa na mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na Tanga ndiyo ilikuwa kitovu chake. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei zikaanguka, na viwanda vya mjini vikafunga kimoja baada ya kingine. Aliyeuona mji wakati huo hajasema uongo. Ila anayerudia maneno hayo leo aende bandarini. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga ndani ya ghuba, kilomita 1.7 hivi kutoka gatini, mizigo ikashushiwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo majini, ikavutwa hadi gatini na kupakuliwa upya. Kila kontena lililipiwa kazi mara mbili, na wafanyabiashara wakaikimbilia Mombasa au Dar. Mradi wa shilingi bilioni 429 umechimba kina hadi mita 13 na kujenga gati la mita 450. Meli sasa zinafunga gatini. Kwa mhasibu, hiyo maana yake ni mawakala wa forodha, maghala na kampuni za malori, juu ya viwanda vya saruji na chokaa. Akigombana na mwajiri mmoja, kuna mlango wa pili wa kubisha bila kuhama mji.

Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji huo, nayo iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, ili kupanua huduma ya maji. Walionunua wamekubali kulipwa, mwaka hadi mwaka, na mamlaka inayoishi kwa bili za maji za wakazi wa Tanga. Mji unaodhaniwa umekufa haukopeshwi hivyo.

Mke wake naye ahesabiwe, maana mara nyingi uhamisho hukwamia kwa mwenza aliyeacha wateja nyuma. Iringa mjini wateja wengi huja na kuondoka na ratiba ya vyuo. Wanafunzi wakienda likizo, mitaa yao hupoa. Viwanda vikubwa vya mkoa, karatasi, mbao na chai, viko Mufindi. Tanga watu wa kushonewa wametawanyika, toka Makorora hadi Pongwe, na harusi za pwani hazingoji muhula.

Yapo ya kumwonya. Chandarua Tanga ni kila usiku. Chumvi ya bahari hutafuna mabati na pikipiki. Kazi nyingi za bandarini ni vibarua, zinazotegemea meli kuingia. Na aende kukagua nyumba Februari, saa nane mchana, asiende Julai.

Zaidi ya yote asome mkataba wenyewe. Ukiwa ni wa kampuni ya mizigo au kiwanda, achukue Tanga. Ukiwa ni wa mkandarasi wa bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, ajue kwamba ajira nyingi zake ni za ujenzi na bomba likikamilika hubaki watu wachache wa kuliendesha. Kwa mkataba wa aina hiyo, mwenye watoto wawili wa shule ningemwambia apande basi la Iringa.