Nusu shangazi, nusu beberu

Yani hii ya harusi ya Mikindani mpaka leo sijasamehewa, kwaio nikisimulia msinicheke sana.

Mi natengeneza biti chumbani, laptopu na kikibodi cha midi cha mtumba, kile cha vitufe kama vya piano kinachopigisha sauti za laptopu, na kipindi kile nilikuwa nimepagawa na mofingi, yani kuyeyusha sauti mbili ziwe moja. Ukichanganya sauti mbili kwa krosfedi ya kawaida, moja inashuka nyingine inapanda, katikati unazisikia zote mbili kama redio iliyoshika stesheni mbili. Mofingi sio hivyo, programu inachambua kila sauti mawimbi kwa mawimbi, inaoanisha ya huku na ya kule afu inakupa ya katikati, kiumbe kimoja ambacho hakijawahi kuzaliwa. Sa mi nikaenda kuoanisha kigelegele cha shangazi, nilimrekodi kwa simu siku ya mahari, ulimi wake ule unapiga kushoto kulia kama feni mbovu, na beberu lililofungwa kwenye mkorosho nyuma ya nyumba. Kitaalamu nilikuwa sahihi bwana, kigelegele kinatetemeka na mlio wa mbuzi unatetemeka, zikikutana zinashikana.

Harusini kazi yangu ilikuwa ndogo tu, mtu akitunza nabonyeza, "lililili" linatoka kwenye spika, shangazi anajisikia anavimba. Kibodi ina magurudumu mawili pembeni. La kupindisha sauti ukiliachia linarudi lenyewe katikati. La pili halirudi ng'o, linakaa pale pale ulipoliacha, na hilo ndo nililolifunga mofu, chini kabisa shangazi, juu kabisa beberu. Nikainuka kufata pilau. Katoto ka dada yangu kakabaki kanachezea.

Narudi sahani mkononi, MC anatangaza mama mkubwa anatunza, nikabonyeza bila hata kuangalia.

Jamani. Ulimi wa shangazi, koo la beberu. Limeanza "lili" likaishia "limeeeeh", na vile nilikuwa nimeweka eko ya kutosha likazunguka turubai zima likarudi tena. Kimya. Afu ndo nikakumbuka kwamba beberu lile lilichinjwa alfajiri na ndo hilo tulilokuwa tunalila. Babu mmoja mnofu ulishafika mdomoni, akaurudisha kwenye sahani taratibu, astaghfirullah, kama anamrudishia mwenyewe. Mpishi nikamwona anakwenda kufunua sufuria akachungulia. Mi kiwewe kimenishika, badala ya kushusha gurudumu nikalipandisha na kidole kingine bado kimeng'ang'ania kitufe, beberu likatoka zima zima, meeeeh, wamama wa meza ya mbele wakainuka na viatu mkononi.

Shangazi akaja mpaka kwenye meza yangu, kanga kaifunga kiunoni.

"We baba, mie nimekukosea nini mpaka unichanganye na kitoweo?"

Nikajaribu kumweleza mambo ya mawimbi. Sijui nilifikiria nini.

Juzijuzi kulikuwa na arobaini ya mtoto palepale nyumbani. Kichanga kikatolewa nje, shangazi kashavuta pumzi, mkono mdomoni tayari, akaniona. Akafunga mdomo akaninyooshea kiganja.

"Lete simu kwanza."

Nikampa. Akaizima, akaitia kwenye pindo la kanga, ndo akapiga kigelegele.